Bangkok usiku: Alhamisi hadi Jumatatu

Kabla ya ndege

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hukwama Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, kabla hawajaona hata taa moja ya mjini, na mara nyingi chanzo ni kadi ya njano. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani, na cheti hicho hakikaguliwi dirisha la uhamiaji. Kuna dawati la afya kabla ya kufika kwenye foleni za uhamiaji. Unaanzia hapo, ukimaliza ndipo unapanga foleni. Asiyelijua dawati hilo husimama foleni yote, akafika mbele akarudishwa nyuma. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo cheti hakijaanza kufanya kazi.

Kingine ni fomu ya kuwasili ya kidijitali, TDAC, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025. Inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni bure. Tovuti ya serikali inaishia na .go.th, zile zinazoomba dola kwa kazi hiyo ni za matapeli. Visa yenyewe Wakenya na Watanzania huiomba mapema mtandaoni, na ofisa wa uhamiaji ana haki ya kukuuliza kama una fedha za kujikimu, kiasi kisichopungua baht 20,000 kwa mtu. Baht moja ni kama shilingi 4 za Kenya, au 75 hadi 80 za Tanzania. Saa ya Bangkok iko mbele ya yetu kwa saa nne.

Alhamisi: kufika

Uwanja uko kilomita 30 hivi mashariki mwa jiji. Usibadilishe fedha pale unapotokea na mizigo. Shuka hadi chini kabisa, ghorofa B, karibu na lango la treni ya Airport Rail Link. Vibanda vya huko vinatoa kiwango bora kuliko vya ukumbi wa kuwasili, jengo ni lile lile. Noti ya dola 100 iliyonyooka inapata zaidi kuliko noti ndogo ndogo. Mashine za ATM hukata baht 220 au zaidi kila ukitumia kadi ya nje, bado hujahesabu makato ya benki yako, kwa hiyo toa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Mashine ikiuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa, iache ihesabu kwa baht. Wengi hubonyeza kukubali kwa haraka na wanapoteza hapo hapo.

Kabla ya saa sita usiku, treni inakupeleka Phaya Thai kwa baht 45, chini kidogo ya nusu saa, na hapo unapanda treni ya juu ya BTS. Baada ya saa sita ni teksi. Ghorofa ya kwanza, nje, kuna mashine inayotoa karatasi yenye namba ya maegesho. Nenda kwenye namba hiyo na karatasi ibaki mkononi mwako, usimpe dereva, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia ukisahau begi au mkikosana. Mita inaanzia baht 35, gari kubwa 40, inaongezwa 50 ya uwanja, na barabara ya kulipia anailipa abiria. Dereva akitaja bei ya jumla kabla ya kuwasha mita, shuka.

Pa kulala patafutwe kwa kuangalia saa za treni. BTS na MRT, treni ya chini ya ardhi, hufungwa kuelekea saa sita usiku, baa nyingi hufungwa saa nane, na tangu Desemba 2023 kumbi zenye kibali katika jiji hili zinaruhusiwa hadi saa kumi alfajiri. Maana yake ni kwamba kila usiku utarudi wakati hakuna treni. Anayelala karibu na kituo cha Asok au Nana anarudi kwa miguu. Aliyefuata bei nafuu kule Don Mueang atalipa tofauti yote kwenye teksi.

Uliza pia hoteli kuhusu mgeni wa usiku. Nyingine hutoza ziada, nyingine hazikubali kabisa, na zilizo makini hushika kitambulisho cha mgeni mapokezi hadi atakapotoka. Usilione kama usumbufu. Kitambulisho cha Thailand kina tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya kalenda yao iliyo mbele kwa miaka 543 na moja ya kalenda yetu, hivyo aliyezaliwa mwaka 2548 wa kwao alizaliwa 2005. Umri wa kuingia klabu na kununua pombe ni miaka 20. Kulala na aliye chini ya miaka 18 kwa malipo ni kosa la jinai lenye kifungo kirefu, na kusema hukujua hakukuokoi.

Usiku wa kwanza tembea tu Sukhumvit upate ramani kichwani. Vichochoro, kwa Kithai soi, vya namba witiri viko upande mmoja wa barabara, vya shufwa upande wa pili, na namba hazitazamani: mbele, mdomo wa Soi 55 uko karibu na Soi 38. Ukiambiwa mkutane Soi 38 ukahesabu kwa upande wa witiri, utazunguka hadi miguu iwake moto. Halafu kuna Nana mbili. Nana ya Sukhumvit ndiyo ya baa za wacheza uchi nusu. Soi Nana ya mtaa wa Wachina, upande wa kituo cha Hua Lamphong, ni baa ndogo za vinywaji vya kuchanganya kwenye nyumba za zamani. Kwenye programu ya teksi angalia mtaa, si jina peke yake.

Ijumaa: Nana, Cowboy na kikombe cha bili

Mchana upite kwa usingizi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni baa za wazi za Soi 4 zina bei ya punguzo, na hapo ndipo pa kuanzia kama lengo ni kunywa kwa bei ya kawaida.

Nana Plaza ni jengo la ghorofa tatu lililozunguka ua, baa juu ya baa, na langoni kuna walinzi. Soi Cowboy ni kichochoro kifupi, kama mita 150, kati ya Soi 21 na Soi 23, karibu na kituo cha Asok. Jina lake linatokana na T. G. Edwards, Mmarekani mweusi, mwanajeshi mstaafu aliyependa kofia ya cowboy, aliyefungua baa hapo mwaka 1977. Kwa mgeni wa mara ya kwanza Cowboy ni rahisi zaidi: yote yanaonekana kutoka barabarani na unatoka upande wowote. Kupiga picha ndani ya baa ni marufuku pande zote mbili, na mabaunsa hawana mzaha kwa hilo. Simu iwe mfukoni.

Sasa fedha, kwa sababu usiku wa Bangkok unagusa mfuko kuliko mwili. Kuingia ni bure. Ukikaa, unaagiza. Bia ni baht 180 hadi 250 kutegemea baa na saa. Kila ukiagiza, mhudumu anaingiza karatasi ndogo kwenye kikombe kilicho mbele yako. Karatasi hizo ndizo bili yako, na kikombe hakiondoki mezani mpaka uombe kulipa. Kila karatasi ikiingia, itoe uisome, kisha uirudishe. Kosa la kawaida si wizi wa wazi bali ni ofa ambayo hukumbuki kuikubali. Dada anakaa, anauliza jina lako, anauliza kama anaweza kunywa, wewe unatikisa kichwa kukubali kwa heshima huku muziki ukipiga, na karatasi imeshaingia. Ofa ya dada ni baht 200 hadi 300, glasi ni ndogo, na sehemu ya fedha hiyo ni mapato yake. Hakuna ubaya kuitoa. Ubaya ni kuitoa bila kujua, kwa watu wanne, kwa sababu aliyekaa kwako ameita wenzake. Kukataa ni kutabasamu na kusema baadaye, hakuna anayekasirika.

Kuna kengele pia, huning'inia juu ya kaunta. Anayeivuta amewanunulia kinywaji wafanyakazi wote, na pengine baa nzima. Kila mwezi kuna mlevi anayeivuta kwa utani na kukuta bili ya maelfu. Usiiguse hata kwa kunyoosha mkono upigwe picha.

Baa nyingi zina malipo ya kumruhusu mfanyakazi aondoke kazini kabla ya muda, baht 800 hadi 1,500 na kupanda. Fedha hizo ni za baa tu, hazimhusu yeye wala hazimfungi kwa lolote. Watu hulipa wakidhani wamemaliza, kisha ugomvi unaanzia hotelini. Na ijulikane wazi kwamba biashara ya ngono ni kinyume cha sheria Thailand chini ya sheria ya mwaka 1996, ingawa inafanyika waziwazi. Mgeni akigombana juu ya malipo hana mkataba wa kwenda kuonyesha polisi.

Ukivuka barabara kutoka Soi 4 unaingia Soi 3, mtaa wa migahawa ya Kiarabu, na hapo utasikia Kiganda, Kiamhari na Kiswahili. Chakula halali kimejaa, na huko pa kula saa saba usiku hapakosekani. Wadada wa Afrika Mashariki wanaosimama eneo hilo, baadhi yao waliitwa kwa kazi ya hoteli au saluni, wakafika wakakuta pasi ya kusafiria imechukuliwa na deni la nauli ambalo haliishi. Njia hiyo hiyo ya tangazo la kazi ndiyo iliyowapeleka vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia mpaka Mae Sot na kuvushwa kuingia Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mamia ya Waafrika walitolewa huko mwaka 2025. Mtu akikuomba msaada wa aina hiyo, namba ni 1300, ya wizara ya ustawi wa jamii. Ukitafuta kazi mwenyewe, ofa yoyote ya Bangkok inayomalizikia safari ya gari kwenda Mae Sot, ikatae.

Wakati wa kurudi hotelini, pembezoni mwa Sukhumvit kati ya Soi 3 na Soi 15, kaa macho na wanaokumbatia. Watu wawili watatu wanakuzunguka kwa vicheko, mmoja anakushika kiunoni, mwingine shingoni. Mkufu na pochi vinaondoka pamoja. Usivae dhahabu. Noti zigawe mifuko miwili, pasi ibaki kwenye sefu ya chumba na nakala yake iwe kwenye simu. Pasi itoke siku ya klabu tu, ambayo ni kesho.

Jumamosi: juu ya paa, Thong Lo na RCA

Vijana wa Bangkok wenyewe hawaendi Nana. Wanakwenda Thong Lo, yaani Soi 55, Ekkamai, yaani Soi 63, na RCA, barabara ya kumbi kubwa za muziki ambayo haina kituo cha treni mlangoni. Teksi kutoka kituo cha Phetchaburi ni dakika chache. Huko watu husimama wakizunguka meza ndefu na chupa nzima ya wiski, soda na ndoo ya barafu. Kundi la watu wanne likinunua chupa linalipa kidogo kuliko kila mtu kuagiza glasi yake. Chupa isipoisha, nyingi zitakuhifadhia: wanaandika jina, wanakupa kadi, unarudi nayo siku nyingine.

Mlangoni wanataka pasi halisi ya kusafiria kuthibitisha miaka 20. Picha kwenye simu wengine wanaikubali, wengine hapana, na hakuna wa kumlalamikia. Kaptura, kandambili na fulana isiyo na mikono vinakurudisha. Ndivyo ilivyo pia kwenye baa za paa, kama ile ya ghorofa ya 63 ya State Tower.

Kwenye menyu za kumbi hizo za paa tafuta alama mbili za kujumlisha zilizofuatana baada ya bei. Zina maana ya asilimia 10 ya huduma, kisha asilimia 7 ya kodi juu ya jumla hiyo. Kinywaji cha baht 600 kinakuwa 706. Wawili mkinywa viwili viwili, mmezidisha zaidi ya baht 400 ambazo hamkuziona kwenye menyu.

Kuhusu yaliyokatazwa: sigara za umeme, vepu, ni marufuku kuingiza, kuuza na hata kuwa nazo, ingawa utaziona zikiuzwa kando ya njia. Polisi wanaosimamisha wageni huanza kwa kupekua hiyo. Bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maduka yakajaa kila kona, kisha Juni 2025 ikarudishwa chini ya masharti ya cheti cha tabibu. Taa za kijani za duka hazikupi ruhusa. Kutupa kichungi cha sigara chini kunaweza kukugharimu faini ya hadi baht 2,000. Na usitie neno lolote la mzaha kuhusu mfalme, hata ukiwa umelewa, hata kwa Kiswahili ukijirekodi video: kifungu cha 112 kina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Pombe ya dukani haiuzwi baada ya saa sita usiku hadi saa tano asubuhi. Kwa miaka mingi ilifungwa pia kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni; mwishoni mwa 2025 serikali ilianza kulegeza hilo kwa majaribio. Sikukuu kubwa za Kibudha, kama Makha Bucha na Visakha Bucha, baa nyingi hufunga kabisa. Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi, maana kuna anayefika kwa siku tatu na moja ikawa hiyo.

Jumapili: hekaluni mchana, Patpong usiku

Karibu na kasri la mfalme mtu nadhifu atakuambia kasri limefungwa leo kwa ibada, na bajaji ile pale itakutembeza kwa baht 20. Kasri halijafungwa. Bajaji itaishia duka la vito ambapo utauziwa yakuti kwa bei mara kadhaa ya thamani yake. Msafiri anayejua machimbo ya Tunduru au Mahenge hudhani yeye hadanganyiki. Hapa vito vimeshakatwa na kupashwa moto, jicho la machimboni halitoshi. Pita, nenda mlangoni mwenyewe, ukiwa umevaa suruali ndefu.

Masaji ya kweli ya Kithai ipo hekalu la Wat Pho na kwenye maduka mengi, madukani ni baht 250 hadi 400 kwa saa, unavaa nguo zao za pamba, hakuna mafuta. Ukitaka mgongo upone, ingia duka lenye kinamama wa makamo, vyeti ukutani na pazia lisilofika chini. Duka lenye wasichana sita mlangoni wenye sare fupi wakiita wapita njia linauza kingine, na masaji yake kwa kawaida ni mbaya.

Usiku ni Silom, kituo cha Sala Daeng. Soi 4 ya Silom ni ya baa za mashoga, tulivu na isiyo na mizengwe. Ndoa za jinsia moja ni halali nchini humo tangu 23 Januari 2025. Thaniya iliyo jirani ni ya Wajapani, na klabu nyingi hapo hazipokei wengine. Patpong ipo jirani pia, na ndiko mtego mkubwa wa jiji ulipo.

Mtego unakwenda hivi. Mpiga debe ana kadi iliyogandishwa kwa plastiki, imeorodhesha michezo ya jukwaani, anasema kuingia bure, bia baht 100. Anakupandisha ngazi hadi ghorofa ya juu. Alama ya hatari ni hizo ngazi: baa za chini zinaonekana kutoka nje na zinashindana, za juu zinaishi kwa mteja ambaye hatarudi tena. Bia inakuja. Wadada wawili wanakaa, wanagusa bega. Kila mchezaji akimaliza anapita na kikapu. Baada ya dakika kumi na tano unaomba bili na inasoma baht 3,000 au zaidi: kiingilio, onyesho moja moja, ofa ambazo hukutoa. Mlango una watu wawili wamesimama.

Ukiwa umeshaingia, usibishane kwa sauti na usimsukume mtu. Toa simu, piga 1155, polisi wa watalii, wanaongea Kiingereza. Mara nyingi kuonekana unapiga kunatosha kushusha bili. Weka mezani fedha ya ulichoagiza, noti ndogo, usitoe noti ya 1,000 wala kadi ya benki, kwa kuwa chenji haitarudi. Wakikaza sana, lipa, toka, kisha shitaki ukiwa na jina la baa na picha ya mlango. Bora zaidi kubaki chini, baa yenye bei ubaoni, na kulipa kila raundi inapofika.

Jumatatu: kliniki na kuondoka

Kondomu zipo kila duka la 7-Eleven, zimeandikwa upana kwa milimita: 49, 52, 54, 56. Ile ya 49 ndiyo iliyojaa rafuni na huwabana wengi ikapasuka. Tafuta namba yako au beba za nyumbani. Ikipasuka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndiyo vizuri, na zinamezwa siku 28. Kliniki ya siri ya Msalaba Mwekundu wa Thailand, barabara ya Ratchadamri, inapima na kutoa huduma hiyo bila kudai jina lako. Imekuwepo tangu 1991. Ukiondoka kabla ya dozi kuisha, nunua siku zote 28 hapo hapo.

Kurudi uwanjani, treni ni salama kuliko barabara kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, wakati Sukhumvit haisogei. Mvua za Mei hadi Oktoba zikishuka jioni, vichochoro hujaa maji na teksi hazikubali safari. Angalia tiketi vizuri. Ndege ya Jumanne saa 6:40 usiku inakutaka uwanjani Jumatatu saa tatu usiku, na kila mara kuna abiria anayekuja na mizigo yake siku inayofuata. Kama siku ya mwisho ya visa ni Jumatatu hiyo, vuka dirisha la uhamiaji kabla ya saa sita usiku. Faini ya kuzidisha ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000, inalipwa taslimu, kwa hiyo bakiza noti moja ya 500.